Mkono wa Mkaza Mwana

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kurudia maneno ambayo kila mtu amekwisha kuyasikia. Sitanii. Mzee Gerishom alikuwa akikaa kwenye kiti chake cha kamba mbele ya nyumba yake, na mkaza mwanawe, Nyaboke, akipeta mchele kwenye baraza ya nyumba ya pili, na kati yao palikuwa na ua mdogo tu. Mmoja akikohoa, mwingine alisikia. Hata hivyo Mzee alinigeukia mimi, jirani niliyekuja zangu kuomba kaa la moto, akaniambia, "Mama Dena, mwambie mke wa Joram mbaazi za jana zilikuwa nzuri." Nami nikageuza shingo: "Nyaboke, Mzee anasema mbaazi za jana zilikuwa nzuri." Hapo ndipo Nyaboke alipotabasamu, wala si kabla. "Mwambie ahsante. Leo nitapika tena." Nikageuka upande wa pili. Siku nyingine nilirudi kwangu shingo inaniuma na kaa limezima.

Hiyo ndiyo heshima ya kwao Kisii, wenyewe huiita chinsoni. Baba mkwe na mkaza mwana hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na baba haingii kamwe katika nyumba ya mwanawe. Nasikia wengine huko kwao huzungumza kidogo, kila mmoja akitazama kwake, lakini Mzee Gerishom alikuwa mtu wa kale na kipimo chake kilikuwa kirefu. Chakula chake Nyaboke alikiweka juu ya kigoda, akarudi nyuma, akageuka. Ndipo Mzee aliposogea kukitwaa. Mimi sikuona ajabu. Mimi ni Mgiriama, na marehemu mume wangu akimwona mama yangu anakuja njiani aliiacha njia akaingia kichakani, hata kama kichaka chenyewe ni cha miiba. Jioni nilikuwa nikimtoa miiba miguuni huku nacheka.

Mzee alikuja pwani katika ujana wake kukata mkonge. Akawa nyapara, akazeeka, akapata kishamba chake hapa Mtondia, nje kidogo ya mji wa Kilifi, na yeye ni mmoja wa watu waliolisimamisha kanisa letu tangu lilipokuwa la udongo na makuti. Mwanawe, Joram, alikuwa fundi wa mitambo kwenye mashamba ya chumvi huko Gongoni, akija nyumbani mwisho wa juma tu. Alipokwenda kwao kuoa, alirudi na Nyaboke, mwalimu wa shule ya msingi, msichana mwembamba asiyejua hata kukuna nazi. Mimi ndiye niliyemfundisha, na mbuzi yangu ya kukunia ina meno mpaka leo.

Mke wa Mzee alipougua ugonjwa wake wa mwisho, Nyaboke alikuwa akitoka shuleni, anaoga, kisha anaingia chumbani kwa mama mkwe wake kumsomea Zaburi na kumwombea. Chumbani Mzee hakuweza kuingia wakati mkaza mwana yumo. Basi alileta kiti chake, akakiweka nje, akaegemeza mgongo ukutani chini ya dirisha, akasikiliza. Nilimkuta hapo alasiri nyingi, kofia imewekwa gotini. Hakuniambia neno mpaka mkewe alipozikwa na wageni wakatawanyika. Ndipo akaniita. "Mama Dena, mwambie mke wa Joram kwamba nilimsikia akimwombea mama. Mwambie Mungu amemwita huyu, wala si kwa kufundisha watoto hesabu peke yake." Niligeuka kumwambia Nyaboke, nikamkuta ameziba uso kwa leso yake, na siku hiyo sikuwa na haja ya kuyarudia, lakini niliyarudia, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Ndivyo Nyaboke alivyokwenda kusomea dini bara. Joram aliposita, Mzee alimwambia mke si ng'ombe wa kufungwa kwenye mti mmoja. Nyaboke akarudi akiwa shemasi, mwanamke wa kwanza kuvaa kanzu nyeupe katika kanisa letu, na wale waliokuwa wakinong'ona walinyamaza upesi, kwa maana alifanya kazi. Alizika, alibatiza, alihubiri, alipanda baiskeli kwenda kwa wagonjwa mpaka Junju. Lakini shemasi habariki mkate wala divai. Kwa hilo tulimngoja Padre Ndirangu atoke Malindi na pikipiki yake, na pikipiki hiyo ilikuwa na maradhi mengi kuliko waumini.

Njaa ya themanini na nne ilipotukamata, Nyaboke alikuwa akipanda malori ya mahindi ya manjano kwenda Vitengeni. Nilifuatana naye mara moja. Tulipomaliza kugawa, bibi mmoja aliyebaki mifupa mitupu alimwomba Meza ya Bwana. Nyaboke akamwambia hana ruhusa, angoje Padre aje. Yule bibi akamtazama. "Mahindi umetuletea, mwanangu. Na mkate wa Bwana nao umepatwa na ukame?" Padre hakuwahi kufika. Aliyemzika bibi yule ni Nyaboke. Mimi niliona uchungu mpaka nikakosa usingizi: mkono unaoruhusiwa kumfunika maiti uso, kwa nini ukatazwe kumlisha angali hai?

Miaka hiyo mambo ya wanawake kuwa makasisi yalikuwa yakijadiliwa kila mahali, huku wanakubali na kule wanakataa. Ilipofika themanini na saba, askofu wetu alisema yeye yuko tayari kumwekea Nyaboke mikono, mradi wazee wa kanisa lake mwenyewe wawe na neno moja. Basi tukaitwa mkutanoni, mimi nikiwa mjumbe wa akina mama, Mzee Gerishom akiwa mzee wa kanisa kama siku zote, ameketi karibu na mlango na fimbo yake. Nyaboke hakualikwa. Padre Ndirangu alifungua kwa sala, akauliza kama kuna mwenye neno.

Mwambire alikuwa nalo. Huyu alikuwa mgema huko Kaloleni kabla hajaokoka, na tangu aache minazi hajaacha mazoea ya kututazama sisi wengine kutoka juu. Si mtu mbaya. Nalisema hilo sasa ili nisije nikalisahau mbele.

"Ndugu zangu, mimi Nyaboke simchukii," akasema. "Mama yangu mzazi alizikwa na yeye, na alimzika vizuri. Nina swali dogo tu. Siku atakapoubariki mkate, Mzee wetu Gerishom ataupokea kwa mkono wa nani?"

"Maana ndiye mkwe wake," Mwambire akaendelea, taratibu. "Atapiga magoti mbele ya mke wa mwanawe? Atamfunulia kiganja? Humu ndani tuko Wagiriama, tuko Wakisii, tuko Wakikuyu, tuko Waluhya. Nani kati yetu hana mkwe? Na Mzee akikaa benchini bila kula, watu wa nje watasemaje? Watasema, kasisi gani huyu ambaye baba wa nyumba yake mwenyewe hawezi kula mezani pake?"

Swali lilikuwa zuri, na hilo ndilo lililoniudhi. Angeleta habari za Hawa na tunda, ningemjibu kabla hajafunga kinywa. Lakini mambo ya wakwe yanamkaa kila mtu mwilini. Nikaona wanaume wanatazama vidole vya miguu yao, kila mmoja akimkumbuka mkwe wake. Mzee Gerishom naye alikuwa akiitazama fimbo yake kana kwamba imempotea kisha ameiona.

Kumbe Mwambire alikuja na dawa pamoja na ugonjwa. Kanisani kwetu wanaume hukaa kulia na wanawake kushoto, na hivyo hivyo ndivyo tunavyokwenda kupiga magoti mbele. Basi siku ya kuwekewa mikono, akasema, askofu awape mkate wanaume na Nyaboke awape wanawake. Hakuna atakayeaibika. Padre Ndirangu akashusha pumzi. Wazee wakaanza kuitikia kwa vichwa.

"Na siku hiyo ikishapita?" nikauliza.

"Padre Ndirangu ataendelea kuja kwa ajili ya wanaume, kama kawaida."

"Kwa pikipiki ile."

"Kwa majaliwa ya Mungu, Mama Dena."

"Basi semeni wazi kwamba tunamweka kasisi wa leso," nikasema. "Akimaliza kutulisha sisi, akapike."

Watu wawili watatu walicheka, kisha wakaona aibu. Padre akamgeukia Mzee Gerishom, akamuuliza kwa upole yeye anaonaje. Mzee akasema, "Nimesikia." Hakuongeza. Wote wakalichukua kuwa ndiyo, mkutano ukafungwa, nami nikapitiliza kwangu hadi kwa Nyaboke.

Nilimkuta barazani anapiga pasi vitambaa vya madhabahu, pasi ya makaa, uso wake unang'aa kwa jasho. Habari zilikwisha kumfikia. Mtondia habari haihitaji baiskeli. Nilimuuliza kama amekubali.

"Nimekubali, shoga yangu."

"Kuwa nusu kasisi."

"Kuwa kasisi wa wale watakaonipokea. Si haba."

"Usinihubirie, Nyaboke. Mimi nakuona unavyoibana hiyo pasi."

Akaiweka chini. Aliutazama mlango wa Mzee kwanza, akahakikisha kiti ni kitupu, ndipo akasema. "Nilipokuja hapa sikumjua mtu. Joram anaondoka Jumatatu anarudi Jumamosi, mimi peke yangu na wazee wa watu. Baba hajanipandishia sauti hata siku moja. Hajakanyaga kizingiti changu. Wasichana wenzangu walioolewa walikuwa wakinisimulia mambo ya wakwe zao, mimi nikinyamaza, kwa sababu yangu hayakuwa na cha kusimulia. Nalala bila kufunga komeo, Mama Dena. Mtu kama huyo leo nimpigishe magoti mbele ya kanisa zima, akiwa na umri ule, wamtazame wanavyotaka?"

"Hakuna atakayemcheka."

"Mwambire hatacheka. Atatikisa kichwa kwa kumhurumia, na hiyo ni mbaya zaidi. Ukasisi nautaka, Mungu anajua. Nimeutaka tangu Vitengeni mpaka mifupa inaniuma. Lakini kama ni kwa aibu ya baba, nusu itanitosha."

"Mficha uchi hazai," nikamwambia.

"Maneno gani hayo mbele ya shemasi," akasema, akacheka, na katikati ya kicheko chozi likamdondoka juu ya pasi, likachemka na kukauka hapo hapo. Nilimpokonya pasi nikamalizia mwenyewe. Nilimpenda mwanamke yule na nilimkasirikia kwa kiasi kilekile, na bado nilikuwa sijui nimpe neno gani la kumsaidia.

Juma la mwisho alichukuliwa kwenda kufunga na kuomba, kama ilivyo desturi kwa wanaongoja kuwekewa mikono, na mimi nikabaki kumpikia Mzee. Alasiri moja nilimpelekea wali na samaki wa kupaka. Mimi si mkaza mwanawe, kwa hiyo nilimkabidhi sahani mkononi, akaipokea kwa mikono miwili. Hakula mara moja.

"Mama Dena, ulisemaje kule mkutanoni? Kasisi wa leso?"

"Nilisema, Mzee. Unisamehe mdomo wangu."

"Mdomo wako nimeutumia miaka mingi. Leo niukatae?" Akatabasamu kidogo. "Kaa. Unajua kwa nini sisi tuna chinsoni?"

"Ni heshima."

"Heshima, ndiyo. Lakini anayelindwa na heshima hiyo ni nani?" Hakungoja nijibu. "Msichana anatolewa kwao, analetwa katikati ya watu asiowajua. Ataishije? Wazee wakasema, basi baba wa nyumba akae mbali. Asimguse, asimwingilie ndani, asimpigie kelele. Mimi nikiwa mbali, yeye analala usingizi. Maana yake ni hiyo tu. Nimekaa mbali na Nyaboke ili awe mtu mzima katika boma langu. Amekuwa. Sasa Mwambire amechukua ule umbali wangu, anataka kuujenga uwe ukuta, amfungie huyo huyo niliyekuwa nikimlinda."

Nilimwambia hayo maneno angeyasema mkutanoni.

"Naogopa," akasema, bila kuona haya, kama mtu anayesema goti linamuuma. "Siku moja nitarudi Kisii. Wazee wenzangu wataniuliza, ni kweli ulimpa mkono mke wa mwanao mbele ya watu? Nitawaambia nini wakanielewa? Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa adabu, sina mali nyingine ya kuonyesha. Na nisipopokea kwake, watu wa hapa watasema Mungu hakumwita. Nami najua alimwita. Nilisikia kwa masikio yangu, mgongo wangu uko kwenye ukuta huu."

Aligonga ukuta kwa kiganja, mahali pale pale chini ya dirisha. Wali ulikuwa unapoa.

"Basi utafanyaje, Mzee?"

"Nitakwenda kanisani. Jumapili mtu huenda kanisani." Akaanza kula, na kwa kuwa nilimjua, sikumuuliza tena.

Jumapili ile askofu alivuka na feri ya asubuhi, na kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Walikuja hata kutoka Vitengeni, vumbi jekundu likiwa bado miguuni. Joram alivaa suti yake ya harusi, imembana tumboni. Nyaboke alipopiga magoti, askofu akamwekea mikono kichwani, Padre Ndirangu na makasisi wengine wakasogea wakaweka yao, hata kichwa chake hatukukiona tena, tuliona mikono tu ya wanaume imemfunika. Ilipoondoka, alisimama pale, amevikwa vazi tulilomshonea sisi akina mama, na kanisa zima likapiga vigelegele. Hata Mwambire alipiga makofi. Nilisema si mtu mbaya.

Kisha wakati wa Meza ukafika, na kila kitu kikaenda kama kilivyopangwa. Askofu akasimama upande wa kulia na sahani yake, Nyaboke kushoto na yake. Sisi tulioketi mabenchi ya mbele tukaenda kupiga magoti. Mimi nilikuwa wa mwisho katika safu ya wanawake, karibu na ile nafasi ya katikati inayotutenganisha na wanaume. Kwa pembe ya jicho nilimwona Mzee Gerishom bado ameketi benchi lake la mbele, kofia imewekwa gotini. Nikajua hataondoka pale. Nikasema moyoni, sawa, Mzee, hakuna wa kukulaumu, na moyo wenyewe ukaniuma.

Nyaboke alikuja akitugawia mmoja mmoja. Mikono yake ilikuwa imara. Aliponifikia akanitazama, mimi niliyemfundisha kukuna nazi, akaniwekea kipande cha mkate kiganjani akisema maneno yake, nikasema amina, nikautia kinywani. Yeye akageuka kurudi kwa safu inayofuata.

Ndipo nikasikia fimbo.

Ilikuwa inagonga sakafu taratibu, na haikuelekea kwa askofu. Mzee Gerishom alikuwa anaikata ile nafasi ya katikati. Kwaya ilififia, sauti moja baada ya nyingine, mpaka akabaki mtu mmoja wa besi aliyekuwa amefumba macho. Mwambire aliinuka nusu benchini. Mzee hakumtazama mtu. Alivuka akaja upande wa wanawake, akajishusha kwa shida, goti moja kisha la pili, akapiga magoti kando yangu, bega lake karibu na leso yangu, mzee wa watu katikati ya harufu za mafuta yetu ya nazi.

Nyaboke aligeuka akamwona. Mara moja aliyageuza macho yake pembeni, kama alivyofundishwa na mama yake, na mguu wake ukarudi nyuma hatua moja, kama arudivyo akishaweka chakula kigodani. Upande wa pili askofu alikuwa amesimama, mkono na mkate hewani. Nikaona kwamba Nyaboke atampita. Atampita kwa mapenzi, ili kumsitiri, na mbele ya macho ya Mtondia nzima neno la Mwambire litakuwa limetimia.

Mzee aliinamisha kichwa. Akasema kwa sauti yake ile ya uani, ya kusikika vizuri, "Mama Dena, mwambie kasisi kwamba nimekuja kula."

Nami nilikuwa na mkate kinywani.

Mtu hasemi na Mwili wa Bwana ulimini. Hayo nilifundishwa tangu kipaimara. Maneno ya Mzee yakabaki pale pale alipoyaweka, hayana wa kuyachukua. Nyaboke alikuwa akingoja. Miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia baba mkwe wake mpaka mimi niseme, na sasa alinitazama, ananiomba kwa macho niseme. Nikatikisa kichwa. Nikamwonyesha shavu langu lililotuna. Mpaka leo sijui kama Mzee alikingoja kinywa changu kijae ndipo aje, na sikupata kumuuliza. Lakini alikuwa nyapara maisha yake yote, na nyapara anajua kupanga watu.

Nyaboke alivuta pumzi. Ule mguu uliorudi nyuma akausogeza mbele.

"Nimesikia, Baba," akasema.

Mabega ya Mzee yalishtuka. Kisha akainua viganja vyake, kimoja juu ya kingine, viganja vilivyokatwakatwa na mkonge, akavishikiza kwenye ubao wa mbele yetu. Nyaboke akainama. Hakuudondosha mkate kutoka juu, kama ambavyo angeweza. Aliuweka, na vidole vyake vikatulia katika kiganja cha mzee yule muda wa kutosha mtu kuhisi joto la mwenziwe.

"Mwili wa Bwana wetu, uliotolewa kwa ajili yako."

"Amina, mwanangu," Mzee akajibu, yeye mwenyewe, hakunigeukia.

Nyuma yetu nikasikia viatu vya mwanamume vinavuka, halafu vingine. Viatu vya kwanza vilikuwa vya Joram, nilivitambua kwa mlio. Sikugeuka kuhesabu waliokuja wala kumtafuta Mwambire. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, kwa furaha, na kidogo pia kwa sababu kazi yangu ilikuwa imekwisha. Nikameza mkate wangu.